Kifua Kikuu cha Pingili za Mgongo: Namna ya Kukithibitisha Kabla Miguu Haijapooza

Maumivu ya mgongo yaliyozidi wiki 6, yasiyotulia hata mtu akilala, yachunguze kama kifua kikuu kwanza. Kupungua uzito, homa za jioni na jasho la usiku huongeza shaka, lakini wagonjwa wengi hawana dalili hizo na kifua chao kinaweza kuwa safi kabisa. Ukisubiri kikohozi utachelewa.

Mwongozo huu ni kwa tabibu na daktari wa hospitali ya wilaya, pale penye eksirei, ultrasaundi na mashine ya GeneXpert ya kupima bakteria wa kifua kikuu, lakini MRI, mashine ya picha za sumaku, iko mkoa mwingine. Ugonjwa wenyewe ulielezwa na mpasuaji Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779, karne moja kabla Robert Koch hajatangaza bakteria wake mwaka 1882. Takribani nusu ya kifua kikuu chote cha mifupa na viungo hukaa mgongoni. Ni ugonjwa unaopona kwa vidonge, na kwa sababu hiyo inauma sana kuona kijana amepooza kwa ajili yake. Kinachowapoozesha wengi ni kuchelewa kugundulika, na kuchelewa huko mara nyingi hutokana na mambo mawili: picha imepigwa mahali pasipo na ugonjwa, au usaha ulikuwepo na hakuna aliyeuchukua kuupima.

Ugonjwa unavyotembea ndani ya pingili

Bakteria hufika kwa njia ya damu. Mshipa mmoja wa ateri hulisha nusu ya chini ya pingili moja na nusu ya juu ya pingili inayofuata, kwa hiyo ugonjwa huanza kwenye pingili mbili jirani, kwenye kingo zinazotazama diski, upande wa mbele. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu, na bakteria hawa hawana vimeng'enya vikali vya kuiyeyusha. Ndiyo maana diski hudumu muda mrefu wakati mfupa wa juu na wa chini yake umeshaliwa. Usaha huteleza chini ya kano ndefu ya mbele, ukapanda na kushuka pingili tatu, nne au zaidi. Kifuani hujikusanya pembeni mwa pingili. Kiunoni huingia katika msuli wa soasi, ule mrefu unaotoka ubavuni mwa pingili na kushuka hadi kwenye paja, ukatokeza kinenani kama jipu baridi: uvimbe usio na joto wala wekundu.

Mbele ya pingili ikibomoka, mgongo hukunjika na kibiongo hutokea. Usaha na vipande vya mfupa vinavyorudi nyuma huubana ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva ipitayo ndani ya pingili. Mfereji wa pingili za kifua ni mwembamba, ugwe hauna pa kukwepea, na ndiyo sababu ugonjwa wa kifuani hupoozesha haraka kuliko wa kiunoni.

Mikono kabla ya mashine

Mvue nguo mgonjwa hadi mgongo wote uonekane. Pitisha vidole juu ya miiba ya pingili kuanzia shingoni hadi kwenye kitako, kisha gonga taratibu kwa ngumi pingili moja moja. Unatafuta mahali panapouma na nundu ndogo, hata ya pingili moja tu. Mtoto mdogo asiyeweza kujieleza mwekee kitu sakafuni umwombe akiokote: mwenye ugonjwa huchuchumaa akiwa ameunyoosha mgongo, hainami.

Pima nguvu kwa alama 0 hadi 5, mguu kwa mguu (T ni ya kifua, L ya kiuno, S ya kitako): kuinua paja (L2), kunyoosha goti (L3), kuinua kifundo (L4), kuinua kidole gumba (L5), kusukuma unyayo chini (S1). Gonga refleksi za goti na kisigino. Kwaruza unyayo kutazama alama ya Babinski. Refleksi zikiwa kali na kidole gumba kikipanda juu, ugwe wenyewe umebanwa. Miguu ikiwa legelege na refleksi hazipo, fikiria mizizi ya neva iliyo chini ya L1, ingawa ugwe uliobanwa ghafla nao huanza kwa ulegevu kabla ya kukakamaa.

Halafu tafuta mpaka wa ganzi kwa pamba na kijiti chenye ncha, ukipanda kutoka miguuni. Chuchu ni T4, ncha ya chini ya mfupa wa kidari ni T6, kitovu ni T10, kinena ni L1. Namba hizi ni za ugwe, si za mfupa. Kwa mtu mzima ugwe huishia kwenye pingili ya L1 au L2, kwa hiyo sehemu ya chini ya ugwe wa kifua hukaa pingili mbili hadi tatu juu ya mfupa wenye namba hiyohiyo. Mgonjwa anayekufa ganzi kuanzia kitovuni, mfupa wake mbovu utafute karibu na T7 au T8. Zaidi ya hapo, ugwe unapobanwa, mpaka wa ganzi unaweza kuonekana chini sana ya mahali penyewe, hivyo picha ipande juu ya hesabu yako, isishuke.

Kosa linalogharimu zaidi liko hapa. Miguu imekuwa dhaifu, fomu inaandikwa "MRI ya kiuno", mgonjwa anauza ng'ombe kulipia, majibu yanarudi yakisema kiuno ni salama. Miguu iliyokakamaa yenye refleksi kali haiwezi kuelezwa na ugonjwa wa L4, kwa sababu ugwe umeshaisha kabla ya kufika huko. Piga kifua, na shingo pia kama mikono imeguswa.

Usimwachie mgonjwa bila kuuliza habari za haja. "Mzee, ukimaliza kukojoa unahisi mkojo umebaki? Ukijisafisha, unahisi mkono wako?" Kisha mpeleke akojoe na upime kibofu kwa ultrasaundi. Kinachobaki kikizidi ml 100 kinatia shaka. Kikizidi ml 200 pamoja na udhaifu wa miguu, mwekee katheta na umpe rufaa siku hiyohiyo.

Pima VVU kwa kila mmoja, ESR au CRP (vipimo vya damu vinavyopanda kukiwa na maambukizi), na kreatinini ya kutazama figo. ESR hupanda kwa wengi, ila ESR ya kawaida haiondoi ugonjwa. Piga eksirei ya kifua na upime kohozi likipatikana. Kohozi likitoka chanya na picha ya mgongo ikafanana na kifua kikuu, umeshafupisha safari.

Eksirei: ipige ilipo shida

Sehemu inayougua mara nyingi zaidi ni makutano ya kifua na kiuno, T10 hadi L2. Kwa bahati mbaya hapo ndipo eksirei ya kifua inapoishia na ya kiuno inapoanzia, na ukingo wa picha huwa hafifu. Andika wazi: "makutano ya kifua na kiuno, mbele na ubavu, katikati ya picha iwe T12." Bandika kwa plasta kipande kidogo cha chuma juu ya ngozi panapouma zaidi, atakayesoma picha atajua mkono wako ulikuwa wapi.

Picha ya ubavu ya kifua hufunikwa na mbavu. Mteknolojia akitumia mkondo mdogo na muda mrefu, kama sekunde 2 hadi 3, mgonjwa akiendelea kupumua taratibu, mbavu hufifia na pingili zikabaki. Pingili ya T1 hadi ya T4 hufichwa na mabega. Omba mkono mmoja uinuliwe juu ya kichwa na mwingine ushushwe.

Unaposoma, hesabu pingili kwanza. Mbavu ya mwisho ni ya T12, lakini wapo watu wenye jozi 11 au 13 za mbavu, na wengine pingili ya kwanza ya kitako imejitenga ikaonekana kama ya kiuno. Ripoti iseme ulihesabu kutokea wapi, maana mpasuaji atakata kwa kufuata namba yako.

Kwenye picha ya ubavu tazama kingo za pingili zinazozunguka kila diski: ule mstari mweupe mwembamba ukifutika, nafasi ya diski ikipungua na mbele ya pingili mbili jirani ikaliwa, picha inasema kifua kikuu. Kwenye picha ya mbele tafuta kivuli pembeni mwa pingili, kilichonenepa katikati na kuchongoka juu na chini. Upande wa kushoto kuna mstari wa kawaida unaofuatana na aota, ateri kuu ya mwili, hivyo usikurupuke. Kivuli kinachotuna upande wa kulia wa pingili za kifua ndicho cha kukushtua. Kiunoni linganisha kingo za misuli ya soasi, ule uliotuna au kufutika una jambo. Chembe za chokaa ndani ya kivuli humaanisha jipu la muda mrefu na huielekea TB sana.

Vikonyo viwili vya kila pingili, nguzo fupi zinazoshika sehemu yake ya nyuma, huonekana kwenye picha ya mbele kama macho mawili. Jicho moja likikosekana na diski ikiwa nzima, saratani iliyosambaa ndiyo ya kufikiriwa kwanza.

Eksirei ina kikomo kinachosahaulika: mfupa lazima upoteze kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake ndipo shimo lionekane. Katika wiki za mwanzo picha huwa safi huku mgonjwa anaumwa kweli. Ukiwa na shaka na MRI haipatikani, rudia eksirei baada ya wiki 3 hadi 4, na katikati ya muda huo usimpe siprofloksasini au levofloksasini kwa kubahatisha. Dawa hizo huwapunguza nguvu bakteria wa TB bila kuwamaliza, vipimo vikatoka hasi, na huweza kuzaa usugu. Sindano za deksamethasoni nazo hutuliza maumivu kwa wiki chache na kuuacha ugonjwa utambae.

Ultrasaundi na sindano: jibu lililo karibu nawe

Hatua hii hurukwa na wengi, na inaweza kumwepusha mgonjwa na upasuaji wa kutafuta kinyama cha kupima. Tumia probu iliyopinda ya MHz 2 hadi 5. Mlaze chali, anzia ncha ya chini ya figo, sogea kuelekea katikati ya mwili hadi uone msuli wa soasi, ufuate hadi kinenani, kisha linganisha na wa upande wa pili. Jipu huonekana kama eneo jeusi lenye chembechembe zinazoelea ukibonyeza. Paangalie pia mgongoni juu ya mfupa wa nyonga, ambako usaha hupenda kutokeza.

Ukilipata, lifyonze. Safisha ngozi, weka lignokaini ya ganzi, tumia sindano ya geji 18, au 16 ikiwa usaha ni mzito, pamoja na bomba la ml 20. Pita kwenye ngozi nzima iliyo juu ya jipu, kwa njia ya mshazari. Usichome pale chini ngozi ilipokwisha kuwa nyembamba na kung'aa, na jipu baridi usilipasue kwa kisu: tundu lake huendelea kutoa usaha kwa miezi, na bakteria wengine huingia.

Usaha au kinyama kigawe hapohapo:

- Chombo tasa kisicho na dawa yoyote, kwa GeneXpert na kuotesha TB. Kinyama weka na maji ya chumvi tasa kidogo kisikauke.
- Chombo kingine tasa, kwa kuotesha bakteria wa kawaida.
- Kinyama cha patholojia peke yake ndicho kiende kwenye fomalini ya asilimia 10, kiasi cha mara 10 ya ujazo wake.

Sampuli yote ikitumbukizwa kwenye fomalini, bakteria hufa na huwezi tena kuotesha wala kujua dawa gani itafanya kazi. Hili hutokea chumba cha upasuaji kwa mazoea tu, kwa hiyo andika lebo za vyombo kabla mgonjwa hajalala mezani. Usitumie pamba ya kijiti. Hubeba usaha kidogo mno. Safari ya maabara ikichelewa, tunza kwenye nyuzi 2 hadi 8.

GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa 2 na hueleza kama kuna usugu wa rifampisini. Kwenye toleo la Ultra, jibu la "chembe kidogo sana" katika sampuli ya mgongo lichukue kuwa ni TB. Usugu tu ndio hautajulikana. Jibu hasi halifungi kesi, kwa kuwa mfupa hubeba bakteria wachache. Kuotesha huchukua hadi wiki 6 kwenye chakula cha bakteria cha majimaji na hadi 8 kwenye kile kigumu.

MRI: andika ombi linaloeleweka

Ombi zuri lina urefu wa mistari michache:

"Mwanamke, miaka 34. Maumivu ya mgongo miezi 4, miguu dhaifu wiki 2. Nguvu 3/5 miguu yote, refleksi kali, Babinski chanya pande zote, ganzi kuanzia kitovuni. VVU hasi, kreatinini ya kawaida, hana chuma mwilini. Eksirei: T7 na T8 zimeliwa mbele. Tunaomba mgongo mzima kwa wima, na vipande vya kukata T6 hadi T9. Je, ugwe umebanwa, na kwa usaha au kwa mfupa?"

Swali la mwisho lina maana yake. Usaha laini unaobana mara nyingi huyeyuka kwa dawa. Mfupa na kibiongo huhitaji mpasuaji.

Picha zinazotakiwa ni za wima kutoka ubavuni za T1, T2 na STIR (hapa ni aina za picha za MRI, si namba za pingili; STIR huzima weupe wa mafuta), kisha za kukata mwili kwa upana kwenye eneo bovu, na za wima kutoka mbele kutazama misuli ya soasi. Mgongo wote upigwe kwa wima hata kama ni STIR peke yake, kwa sababu ugonjwa unaweza kukaa sehemu mbili zilizo mbali na katikati pazima. Gadolini, dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani, huonyesha ukuta wa jipu, lakini kwa mgonjwa ambaye figo zake huchuja chini ya ml 30 kwa dakika, shauriana kwanza na mtaalamu wa radiolojia. Mashine ndogo ya tesla 0.2 hadi 0.3 inatosha kuthibitisha ugonjwa huu. Humlaza mgonjwa muda mrefu zaidi, na kuzima weupe wa mafuta kwa njia ya kawaida hakufanyi kazi vizuri humo, hivyo tegemea STIR. Mpe dawa ya maumivu dakika 30 hadi 60 kabla. Anayetapatapa huharibu picha zote.

Mfupa mgonjwa huwa mweusi kwenye T1 na mweupe kwenye STIR. TB hukuonyesha diski iliyosalia kiasi, usaha uliotambaa chini ya kano kupita pingili tatu au zaidi, na jipu lenye ukuta mwembamba ulionyooka. Bakteria wa usaha wa kawaida, kama stafilokokasi, huila diski mapema, huja na homa kali na maumivu ya siku chache, na ukuta wa jipu lao ni mnene na wenye kukwaruza. Kwa mfugaji au mnywaji wa maziwa mabichi, kumbuka bruselozi: hupenda L4 na L5, huanzia kona ya juu ya mbele ya pingili, na pingili hubaki na umbo lake. Saratani huruka diski na kugusa pingili zilizotawanyika pamoja na vikonyo. Mwanamume mzee mwenye pingili nyeupe kupita kiasi kwenye eksirei apimwe tezi dume.

Pingili zikiwa safi na miguu bado imekufa, rudi kwenye historia. Aliyekaa kandokando ya Ziwa Victoria anaweza kuwa na kichocho cha ugwe, ambacho huvimbisha ncha yake ya chini. Miguu iliyokakamaa ghafla bila ganzi, katika maeneo ya mihogo michungu ya Kongo au kusini mwa Tanzania, na MRI isiyo na kitu, huelekea konzo, ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu ya mihogo hiyo.

CT skani haitazami ugwe vizuri, ila huonyesha vipande vya mfupa na chokaa, na huongoza sindano ya geji 11 hadi 13 inapobidi kutoa kinyama ndani ya pingili. Omba vipande vya kinyama visivyopungua vitatu.

Kuanza dawa, kusafirisha, kufuatilia

Sampuli ichukuliwe kabla ya dawa inapowezekana. Lakini mgonjwa ambaye miguu inazidi kudhoofu, au mtoto mwenye picha iliyo wazi, asingojee jibu. Nguvu iliyoshuka ndani ya siku chache, mkojo uliokwama, au ganzi ya sehemu za siri ni rufaa ya siku hiyohiyo. Msafirishe kwenye ubao mgumu, na kumgeuza kuwe kwa watu watatu, mabega na nyonga kwa pamoja.

Matibabu ya mgongo hayaishii miezi 6. Tanzania na Kenya hutumia miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 10 ya rifampisini na aizoniazidi, na mgonjwa aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza, maana maumivu huisha mapema na wengi huacha vidonge hapo.

Fuatilia kwa uzito, maumivu, nguvu za miguu na ESR. MRI ya mwezi wa 3 inaweza kuonekana mbaya kuliko ya kwanza wakati mgonjwa anapona, kwa hiyo usibadilishe dawa kwa sababu ya picha pekee. Kinachokutaka urudie vipimo na kutafuta usugu ni maumivu yasiyopungua, uzito usiopanda, au jipu jipya baada ya miezi 3 ya dawa alizomeza kweli.

Kwa mtoto kazi inaendelea hata baada ya vidonge, kwani kibiongo huweza kukua kadiri anavyokua. Mpasuaji wa Kihindi S. Rajasekaran alieleza alama nne za eksirei zinazotabiri hilo: viungo vidogo vya nyuma vya pingili kuachana, ukuta wa nyuma wa pingili mbovu kusukumwa kuelekea kwenye mfereji, pingili kuhamia pembeni, na pingili ya juu kupinduka juu ya ya chini. Mbili zikionekana, mpeleke kwa mpasuaji wa mgongo mapema. Zisipoonekana, piga eksirei ya ubavu akiwa amesimama kila miezi 6, pima pembe ya kibiongo kwa kutumia pingili zilezile kila mara, na uendelee hadi aache kurefuka.